Mjusi wa Tendaguru na yaliyobaki ghalani

Kwenye madaftari ya Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na miamba ya Berlin, yule mjusi mkubwa wa Tendaguru ameandikwa S II. S ni herufi ya shimo alimochimbwa, chini ya kilima cha Tendaguru, yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Hiyo II inasema kwamba humo humo shimoni kulikuwa na mwenzake aliyetangulia kutambuliwa, S I. Huku kwetu hakuna anayemjua kwa alama hizo. Kwetu ni mjusi wa Tendaguru, basi. Wataalamu watakunja uso, kwa kuwa dinosaria si mjusi kama vile popo asivyokuwa ndege, ila neno limeshaota mizizi na mimi sina ugomvi nalo.

Kila baada ya muda hoja ya kumrudisha huibuka, bungeni, magazetini, vijiweni. Arudi au asirudi? Watu hubishana kana kwamba kuna kitu kimoja kizima kimesimama ukumbini Berlin, na kazi iliyobaki ni kukipakia tu. Kadiri ninavyokifuatilia kisa hiki ndivyo ninavyoona kwamba ubishi wenyewe umekaa mahali pasipo pake. Sehemu kubwa ya kilichotoka Tendaguru haiko ukumbini. Iko ghalani, kwenye makabati, kwenye masanduku na kwenye karatasi za shambani zilizoandikwa Kijerumani. Kudai mjusi bila kuuliza habari za ghala ni kudai mlango na kuiacha nyumba.

Shimo

Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani aitwaye Bernhard Sattler, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya kutafuta madini, aliona mfupa mkubwa umejitokeza ardhini karibu na kilima. Maandishi mengi yanasema aliugundua. Mimi naona neno hilo limemkirimu kupita kiasi. Mfupa uliolala wazi, mahali watu wanapopita na kulima, haukai ukimsubiri mhandisi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuandikia barua Ulaya. Barua ilifika, na mwaka 1907 akaja Eberhard Fraas kutoka Stuttgart. Alikuwa anaumwa kuhara damu, akachimba kidogo, akaondoka na mifupa iliyotosha kuwaamsha wenzake wa Berlin.

Utazame mwaka huo: 1907. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo vinazimika. Wajerumani walichoma vijiji na ghala za nafaka kwa makusudi, na njaa ikaua pale risasi zilipoishia. Makadirio ya waliokufa kusini yanaanzia 75,000 na kufika karibu 300,000. Miaka miwili baadaye, 1909, Werner Janensch na Edwin Hennig walipofika Tendaguru wakitafuta vibarua, walikuta nchi iliyotoka kuchomwa, yenye watu wanaodaiwa kodi ya fedha taslimu. Vibarua walilipwa ujira, hilo lisemwe. Ila ukisoma kwamba waliajiriwa, usome ukijua walikuwa wanatoka wapi.

Fedha za msafara, zaidi ya marki 200,000, zilichangishwa Ujerumani, na aliyezunguka na bakuli zaidi ya wote ni daktari David von Hansemann. Ardhi nayo ilipatikana kwa njia rahisi zaidi: serikali ya kikoloni ililitangaza eneo la mifupa kuwa ardhi ya Taji. Kwa hiyo ukisikia leo kwamba mifupa iliondoka kihalali, uhalali wenyewe ni huo. Aliyejipa ardhi ndiye aliyejipa na ruhusa.

Udongo, gundi na mianzi

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, maana watu wengi hudhani kazi ya makumbusho huanza pale kitu kinapopata kabati la kioo. Ilianza shimoni.

Mfupa wa mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita ni jiwe, lakini ni jiwe lenye nyufa tele. Ukiuchimbua na kuuinua kama unavyoinua kiazi, unabaki na kokoto mkononi. Kwanza unafunuliwa upande wa juu tu. Unapakwa gundi ya mti iliyoyeyushwa majini, iingie kwenye nyufa na kuzishika. Kisha unavishwa ganda gumu, ndipo unapochimbwa kwa chini, kugeuzwa, na kuvishwa upande wa pili. Ulaya ganda hilo lingekuwa plasta. Tendaguru plasta ilikuwa adimu, kila mfuko ukitoka ng'ambo, basi mafundi wakatumia udongo mwekundu wa hapo hapo. Na mifupa isiyokuwa mikubwa mno wakaifungia ndani ya mianzi iliyopasuliwa, ikapangwa wima kuuzunguka mfupa mzima na kukazwa, mfano wa ngoma ndefu. Wajerumani waliziita korseti za mianzi, kwa jina la lile vazi la wanawake la kubana kiuno. Jina la kuchekesha, lakini mbinu yenyewe haikuwa ya kuchekesha: mifupa ilifika.

Anayejua kufanya hivyo si kibarua wa kushika jembe tu. Ni lazima ajue mfupa unaishia wapi na mwamba unaanzia wapi, maana rangi hufanana. Ni lazima ajue upande upi utavunjika kwanza. Msimamizi mkuu wa mafundi hao alikuwa Boheti bin Amrani, na chini yake walikuwepo wasimamizi wengine walioachiwa mashimo yao, wakichimba wakati mwingine mbali na macho ya Mjerumani yeyote. Wanasayansi wa msafara walikuwa wawili watatu. Wafanyakazi, msimu ulipopamba moto, walikuwa kama 500, wengi wakiwa wamekuja na familia zao. Fanya hesabu mwenyewe uone nani aliyekuwa na mfupa mbele yake saa ngapi kwa siku.

Kila shimo lilipewa herufi au alama yake, na kila mfupa ukapewa alama ya shimo pamoja na namba. Inaonekana ni jambo la karani tu. Lakini mfupa usiokuwa na alama ya shimo ni jiwe zuri tu la kuangalia: hujui ulitoka tabaka lipi, ulikuwa kando ya nini, ni wa mnyama yupi. Tendaguru kuna matabaka matatu ya mifupa yaliyopishana na matabaka ya bahari yenye kome, kwa kuwa pwani hiyo ya kale ilikuwa ikifunikwa na maji na kufunuliwa. Kuikosea herufi ni kumhamisha mnyama kutoka zama moja kwenda nyingine.

Kutoka hapo, safari ilikuwa ya kichwa. Ndorobo, yaani mbung'o, hawakuruhusu punda wala ng'ombe wa kukokota, kwa hiyo wapagazi walibeba mizigo kwa siku kadhaa hadi Lindi, mingine kichwani, mikubwa ikining'inizwa kwenye miti na kubebwa na watu wengi. Hadi msafara unafungwa mwaka 1913, msimu wa mwisho ukiongozwa na Hans Reck, zilikuwa zimeondoka tani zipatazo 225. Bandarini Lindi zilitiwa kwenye masanduku ya mbao na kupakiwa melini.

Miaka ishirini na mitano mezani

Janensch alimpa mnyama jina mwaka 1914: Brachiosaurus brancai. Nusu ya kwanza aliiazima kwa Mmarekani Elmer Riggs, aliyelitoa mwaka 1903 kwa mnyama wa Colorado anayefanana naye. Ubishi kama hao wawili ni ukoo mmoja kweli ulichukua karibu karne. Mwaka 1988 Gregory Paul alipendekeza jina Giraffatitan, na mwaka 2009 Mike Taylor alipanga tofauti zao mfupa kwa mfupa, na tangu hapo wengi humwita Giraffatitan brancai. Yote hayo yaliamuliwa kwa mifupa ya ghalani. Aliyesimama ukumbini, mwenye vyuma ndani na uzio mbele, hapimiki kirahisi.

Kusimama kwenyewe alisimama mwaka 1937. Kutoka shimoni hadi ukumbini ni robo karne. Vita ilipita katikati, fedha ya Ujerumani ikageuka karatasi, lakini hata bila hayo kazi ya mezani haina haraka. Ganda linafunguliwa, udongo unaondolewa kwa sindano na brashi, vipande vinalinganishwa kimoja kimoja na kuunganishwa. Pingili moja ya uti wa mgongo ya mnyama wa aina hii ina mapango na kuta nyembamba ndani yake kama mzinga wa nyuki, na inaweza kula mamia ya saa za fundi. Janensch alikuwa bado anachapisha maelezo ya mifupa ya Tendaguru mwaka 1961, akiwa amepita miaka themanini.

Na je, aliyesimama pale ni nani hasa? Miguu na sehemu nyingine nyingi ni za S II. Palipokosekana mifupa, ilichukuliwa ya wanyama wengine wa Tendaguru wenye kimo cha kulingana. Pingili za shingo na mgongo zilikuwa nzito na dhaifu mno kupanda juu ya vyuma, zikatengenezwa za kuigiza na zenyewe zikabaki hifadhini. Kichwa kilichoko juu ni cha kuigiza pia; kilifuata fuvu lililotoka shimo jingine, lililoandikwa t 1. Yaani anayesema arudi mzima mzima anapaswa kujua kwamba mzima huyo alikusanywa. Ukimchukua aliyesimama peke yake, unaondoka na shingo isiyo yake, na ile ya kweli unaiacha kwenye rafu.

Hata mkao wake ulishabadilika. Mwaka 2005 alishushwa, na mwaka 2007 akasimamishwa upya, miguu ya mbele ikiwa imenyooka zaidi na mkia umeinuliwa badala ya kuburuzwa chini. Kimo ni mita 13.27. Aliyepiga naye picha 1990 na aliyepiga naye mwaka jana wamepiga na wanyama wawili tofauti kidogo.

Ganda lisilokuwa na jina

Vita ya pili ilipopamba moto alivunjwavunjwa na kufichwa chini ya jengo; alisimama tena mwaka 1953. Tarehe 3 Februari 1945 mabomu yaliangukia makumbusho. Baadhi ya mifupa ya Tendaguru iliteketea, na mingine ikachanganyika na ya mahali pengine.

Kuna kisa kimoja kidogo cha baada ya hapo ambacho nakipenda kuliko kisa cha mjusi mkubwa. Chini ya vifusi palikuwa na maganda ya plasta yaliyopoteza alama zake. Baadhi yalikuwa ya Tendaguru, mengine ya shimo la udongo la Halberstadt, huko huko Ujerumani, lililochimbwa katika miaka hiyo hiyo. Yalipookotwa hakuna aliyeweza kusema lipi ni la wapi. Yakakaa hivyo miaka zaidi ya sitini. Kisha ganda moja lilipelekwa hospitali ya Charité na kupitishwa kwenye mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kama anavyopitishwa mgonjwa, bila kufunguliwa. Ndani kulionekana pingili. Watafiti wakailinganisha na mchoro wa zamani wa uchimbaji, ikafanana: ilikuwa pingili ya Plateosaurus wa Halberstadt. Nakala yake ikachapishwa kwa mashine ya kuchonga vitu kwa tabaka, na kazi hiyo ikatangazwa mwaka 2013.

Mfupa ulipona bomu ukapoteza jina, na jina likarudishwa na mchoro uliokuwa umehifadhiwa penginepo. Mchoro ungeungua, hata mashine ya hospitali isingesaidia kitu.

Majina

Tuje kwenye majina ya kisayansi, maana hapo ndipo hasira ya wengi huwashwa, na kwa haki. Brancai ni Wilhelm von Branca, mkuu wa taasisi ya Berlin. Hansemann aliyechangisha fedha alipewa Dicraeosaurus hansemanni. Paul Bamberg, mwenye viwanda aliyetoa mchango, akapata Elaphrosaurus bambergi. Na mwaka 1919 mmoja akaitwa Dysalotosaurus lettowvorbecki, kwa jina la jenerali aliyekuja kushika jeshi Afrika Mashariki mwaka 1914, mashimo yakiwa yameshafungwa. Huyu wa mwisho mimi humshindwa kabisa. Hakutoa fedha, hakuchimba. Alikuwa shujaa wa walioshindwa vita, na mnyama wa Lindi akageuzwa mnara wake.

Boheti bin Amrani alisubiri hadi 2007, alipopewa Australodocus bohetii, mnyama anayejulikana kwa pingili mbili za shingo. Mwaka 2019 ukafuata Wamweracaudia keranjei: jina la mbele linawataja Wamwera, watu wa nchi hiyo, na la nyuma linamtaja Mohammadi Keranje, msimamizi wa uchimbaji wa mkia huo wenye pingili 30. Kwa zaidi ya nusu karne mkia huo ulihesabiwa kuwa wa mnyama mwingine.

Wapo wanaoziona heshima hizi kuwa za kuchelewa na za kujikosha. Inawezekana. Mimi kinachonivutia ni kitu kingine: jina la Keranje lilitoka wapi? Lilitoka kwenye kumbukumbu za uchimbaji. Kuna mtu mwaka 1911 au karibu na hapo aliyeandika ni nani alikuwa akisimamia wapi, pengine kwa ajili ya malipo tu, pengine kwa kuheshimu kazi. Kwenye kibao cha ukumbini jina hilo halikuwepo, na kwenye karatasi za ghalani lilikuwepo muda wote. Mangapi mengine yamo humo? Sisi wenye lugha ya majina hayo ndio wa kwanza ambao tungeweza kuyasoma vizuri. Boheti bin Amrani: msomaji wa Lindi akiliona jina hilo ataanza kuuliza maswali ya ukoo na ya dini ambayo mtafiti wa Berlin hayamjii.

Kudai nini

Mei 2018, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Augustine Mahiga, alisema mbele ya mwenzake wa Ujerumani kwamba Tanzania haitadai mjusi arudishwe, bali itataka ushirikiano: makumbusho, utafiti, kazi Tendaguru kwenyewe. Wengi walikasirika, wakiwemo wabunge. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea na kuomba radhi kwa yaliyofanywa wakati wa Maji Maji, na swali la mjusi likapata pumzi mpya.

Hoja ya kwamba mifupa ni dhaifu na haisafiriki inanikera kidogo. Ni kweli ni dhaifu. Lakini mifupa hii imeshatoka Tendaguru hadi Lindi juu ya vichwa vya watu ndani ya mianzi, ikavuka bahari mbili tatu, ikashushwa wakati wa vita, ikapandishwa 1953, ikashushwa tena 2005, ikapandishwa 2007. Kila mara walipotaka isafiri, ilisafiri. Hoja ya wataalamu na jengo ni nzito zaidi, kwa sababu fundi wa kuandaa mfupa haokotwi sokoni, na hewa ya pwani yenye chumvi na unyevu haimsamehe mtu. Hilo halijibiwi kwa hotuba. Linajibiwa kwa vijana wanaokaa mezani na sindano na brashi miaka mitano, kumi. Si ndoto: miamba ya bonde la Rukwa imeshatupa Shingopana songwensis na Mnyamawamtuka moyowamkia, majina ambayo hata mtoto wa darasa la pili anayasoma bila kusaidiwa, na mnyama huyo wa Mtuka alipewa jina mwaka ule ule wa Keranje.

Kama ningekuwa miongoni mwa wanaokaa na Wajerumani mezani, mjusi aliyesimama ningemwacha wa mwisho kwenye mazungumzo. Ningeanza na orodha: kila mfupa wenye alama ya shimo la Tendaguru, uko rafu gani, una hali gani, upi uliteketea. Ningedai nakala ya kila daftari, kila barua, kila picha na kila hesabu ya malipo, zikae Dar es Salaam na Lindi, zitafsiriwe. Bila karatasi hizo, hata tukipewa tani zote 225 kesho, tutakuwa na yale maganda ya Halberstadt: mifupa mizuri, isiyojua ilitoka wapi. Nikishapata hizo ndipo ningeuliza habari za S II, shingo yake ya kweli ikiwemo.

Na ningeulizia korseti. Zimo makumi kule Berlin ambazo hazijafunguliwa hadi leo. Mianzi ni ya Lindi, imepasuliwa na watu wa Lindi, na imekazwa vile vile walivyoikaza kabla ya 1913. Siku hizi unaweza kuona kilichomo bila kukata hata ufito mmoja. Ningeomba moja ije hivyo hivyo, na karatasi yake, ikiwa imefungwa.